Barua kwa mwanangu: bibi yako wa sponji hajafa

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na zile picha saba nazo zimefika. Mama yako alizibeba kwanza hadi kwa majirani kuwaonyesha kazi ya bintiye, ndiyo maana mimi nimezipata jana usiku. Huku Tanga hatujambo, ila bati la karakana limetoboka juu ya rundo la sponji, na sponji ikilowa unaijua harufu yake.

Unaniambia umepewa kazi ya kutengeneza vikaragosi watatu wa kipindi cha watoto: bibi, chura na kijana wa shule. Umeshona wiki tatu, rangi zimekubali, mshono hauonekani, na bado ukiwatazama “wote wamekufa, baba, hata nikiwatia mkono.” Unauliza uanze upya au pana pa kurekebisha.

Usianze upya. Nimewaangalia kwa miwani na bila miwani. Kushona umeshona kunishinda mimi.

Shika picha ya bibi. Macho umemtengenezea nusu mbili za mpira wa tenisi ya meza, vizuri kabisa, na mboni umezibandika katikati, kila moja katikati ya jicho lake. Huo ni mkono wa fundi makochi, nimekufundisha mwenyewe kwamba kifungo kikae katikati ya mto. Kwenye uso haifai. Mtu akitazama kitu kilicho karibu naye, mboni zake husogea kidogo kuelekea puani. Zikikaa katikati anatazama mbali, nyuma ya ukuta, kama mgonjwa wa homa. Bibi yako hamwoni mtu yeyote, na mtoto akiona haonwi anaondoka zake.

Zibandue. Kata nyingine za karatasi nyeusi, uzishikize kwa pini, gundi iache kwanza. Mpe mtu amvae bibi mkononi, wewe simama pale kamera itakapokuwa. Sogeza mboni ya kulia ndani, upana wa punje ya mchele. Rudi nyuma, tazama. Sogeza ya kushoto. Ukizidisha atakuwa makengeza, ukipunguza anarudi kwenye homa yake. Utafika mahali utajikuta mdomo unataka kusema shikamoo. Hapo ndipo uweke alama ya penseli, kisha gundi.

Don Sahlin, fundi aliyemjengea mchezesha vikaragosi Jim Henson wahusika wengi wa mwanzo wa Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha televisheni ya Marekani kinachoigizwa mtaani, macho aliyaweka mwisho, na alitaka Henson mwenyewe awepo akitazama. Nilipolijua hilo nilifurahi, maana nilikuwa nimeshaharibu vichwa vinne kwa kuweka macho kwanza. Na neno lenyewe, karagosi, ni ndugu wa Karagöz, yule mhusika wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambaye jina lake maana yake ni jicho jeusi. Mimi huwa nalichukua kama onyo kwa mafundi.

Sasa mdomo. Ile video ya kijana akisema “mtoto mzuri hunawa mikono” nimeirudia mara tano, mama yako akadhani nimepata vichekesho. Kuna makosa mawili. La kwanza, anayemchezesha anainua vidole vinne vya juu, kwa hiyo kila neno kichwa kinaruka nyuma kama mtu anameza vidonge. Sisi tukiongea, taya la chini ndilo linalofanya kazi. Vidole vinne vitulie, kidole gumba ndicho kishuke.

La pili ni la Kiswahili chetu, na hulipati kwa kutazama wenzetu wanaochezesha kwa Kiingereza. Weka kidole kwenye midomo yako useme polepole: mtoto. Silabi tatu, lakini mdomo umefunguka mara mbili tu. Ile m ya mwanzo ni silabi kamili inayosemwa mdomo ukiwa umefungwa. Kijana wako anafungua mara tatu. Niliwahi kufanya hivyo hivyo mbele ya darasa la kwanza, mtoto mmoja wa mbele akamwuliza mwenzake, “Mbona huyu anasema umutoto?” Sauti yangu ilikuwa sahihi kabisa, ila yeye alisikia kwa macho. Kwa hiyo “mbwa” unafungua mara moja. “Mkate,” mara mbili. Na usifungue kwa ukubwa ule ule kila mahali. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi na mdomo uachame hapo: mi-KO-no, hu-NA-wa. Mwambie mchezeshaji wako afanye mazoezi na mkono mtupu, akiwa kwenye daladala kama hana haya.

Ndani ya mdomo umeweka kadibodi. Jasho la mkono litaimaliza kabla ya kipindi cha nne. Tafuta kandambili za mpira zilizochoka, kata vipande viwili vya soli kwa umbo la mdomo, viunganishe kwa kipande cha ngozi ya kiatu kiwe bawaba. Gundi ni ile ya viatu: paka pande zote mbili, subiri isinate tena kwenye kidole, ndipo ukutanishe, kwa sababu ikishashika hairudi. Na ufungue madirisha. Zamani nilifanyia chumbani, kichwa kikaniuma siku mbili.

Kuhusu uzito, chura nina wasiwasi naye. Umemwekea gololi machoni? Fanya jaribio hili: chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, inyooshe juu ya kichwa, uimbe wimbo mmoja wote bila kushusha mkono. Ukimaliza utamwonea huruma mchezeshaji wako. Kichwa kikishinda uzito wa chupa ile, mkono utaanza kuinama dakika ya pili, na chura ataonekana ana huzuni ambayo hakuna aliyeiandika. Gololi zitoe. Sponji ya kichwa ichonge ndani kwa wembe mpya hadi ibaki unene wa kidole.

Halafu, ulipima mkono wa nani? Naona mdomo wa kijana ni mpana, vidole vinaogelea ndani. Mkono ndio mifupa ya kikaragosi, na mifupa haiazimwi. Pima kiganja cha yule atakayemvaa kabla hujachora hata mstari. Angalia Big Bird, yule ndege wa njano wa Sesame Street mwenye urefu wa futi 8 na inchi 2. Kutoka nje ni manyoya tu, lakini kila kitu ndani yake kimepangwa kwa mwili wa mtu. Caroll Spinney, aliyemcheza tangu 1969, alinyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa ukawa ndio shingo na mdomo, mkono wa kushoto ukawa bawa la kushoto, na bawa la kulia lililobaki bila mkono likavutwa kwa uzi wa kuvulia samaki uliounganishwa na lile la kushoto. Kwa kuwa haoni nje, kifuani alifungiwa televisheni ndogo ajione anavyoonekana. Nilipoyajua hayo nilikuwa nalalamika kwamba sina spoku nzuri za baiskeli za kuchezeshea mikono. Niliacha.

Macho, mdomo na uzito utavimaliza wiki hii. Lililonikesha ni jingine. Barua yako ina kurasa tatu za maelezo ya wahusika: bibi anafundisha heshima, chura anafundisha usafi wa maji, kijana anafundisha kupenda shule. Nimesoma zote. Hakuna mahali umeniambia hata mmoja wao anataka nini.

Ulikuwa darasa la pili, labda hukumbuki. Kuna watu walinipa kazi ya kipindi cha kunawa mikono, kizungushwe shuleni kwanza, kisha kirekodiwe. Walitaka sungura msafi. Nikawashonea sungura mweupe pee, masikio yana waya ndani, shati limenyooshwa kwa pasi. Siku mbili kabla ya onyesho la kwanza nikawa na mabaki ya kitambaa cha kijivu cha makochi, nikashona kunguru, apite tu nyuma ya sungura kama kunguru wanavyopita kwenye kila ua wa mji huu. Na kunguru wa pwani unaujua wizi wake: sabuni. Mama yako ameshapoteza vipande vingapi juu ya mwembe ule?

Basi sungura akaanza hotuba yake ya kunawa kwa maji yanayotiririka. Mimi nimepiga magoti nyuma ya shuka, mkono wa kulia sungura, wa kushoto kunguru. Kunguru akapita, akaona sabuni, akasimama. Akatazama watoto. Akatazama sabuni. Sikuwa nimepanga, mkono wenyewe ulitaka. Akaichukua polepole akaenda nayo. Darasa zima likasimama juu ya madawati: “Sabuni! Nyuma yako! Nyuma!” Sungura hakusikilizwa tena hadi mwisho. Mwalimu alipouliza wamejifunza nini, msichana mmoja akanyoosha kidole akasema, “Kunguru arudishe sabuni, hatujanawa.”

Wenye kazi wakasema kunguru atolewe, anafundisha wizi. Nikabishana nao hadi chai ikapoa, nikashindwa. Kilirekodiwa sungura peke yake, shati lake limenyooka, na sijawahi kukutana na mtoto aliyeniulizia sungura.

Baadaye nikajua kwamba hata Sesame Street ilikumbwa na jambo kama hilo. Kabla haijaanza kurushwa, waliwajaribishia watoto vipindi vya majaribio, Philadelphia, Julai 1969. Wataalamu walikuwa wameshauri vikaragosi wasichanganywe na watu halisi wa mtaani, watoto wasije wakachanganyikiwa. Matokeo yake, zikifika sehemu za mtaa zenye watu watupu, watoto walitazama kwingine. Waliokuwa wakiandaa kipindi wakarudi kurekodi upya, wakatengeneza Big Bird na Oscar, yule mnunaji wa kwenye pipa la taka, waishi mtaani pamoja na watu, na Novemba 10 mwaka huo huo kikaanza kurushwa. Wakubwa wale walikubali kusahihishwa na watoto wa miaka minne. Wangu hawakukubali, na nina kinyongo nao mpaka leo, nakiri.

Kwa hiyo niambie bibi anataka nini. Mimi nikimtazama naona anataka kulala mchana na hakuna anayemwachia. Kama ndivyo, kope za juu zishuke zifunike theluthi ya jicho, sponji ya mashavu ilegee, khanga ikae upande kama mtu aliyeamshwa. Heshima ataifundisha tu, watoto watakapokuwa wananong'ona wasimwamshe. Chura je? Angekuwa anaogopa maji baridi ningemfanyia miguu mirefu ya kurukia nyuma. Ukishajua tabia, mkasi unajua pa kupita. Julia, mhusika mwenye usonji aliyeingia Sesame Street kwenye televisheni mwaka 2017, alitengenezewa jozi mbili za mikono: moja ya kawaida, na moja ya kupigapiga hewani anapokuwa na furaha nyingi au wasiwasi. Mtu alijua kwanza msichana yule anafanya nini, ndipo akakata kitambaa.

Kijana wa shule sina la kusema juu yake. Ni mzuri mno. Mchafue kidogo, mtoe kifungo kimoja.

Mengine ni madogo. Umesema hakuna kitambaa maalumu cha vikaragosi huko Dodoma na cha kuagiza ni ghali. Nenda mitumba, tafuta mablanketi na jaketi za flisi, zile laini zenye manyoya mafupi. Zinavutika, na ukishona kwa mkono ukachambua manyoya kwa sindano mshono unapotea. Henson mwenyewe, mwaka 1955, Kermit wa kwanza, yule kikaragosi wake maarufu, alimkata kwenye koti kuukuu la mama yake na macho akapasua mpira wa tenisi ya meza, kama wewe. Ila tazama kitambaa kinavutika upande gani kabla ya kukata. Kivutike kuzunguka kichwa, kisivutike kwenda chini. Nyeupe pee iepuke, sungura alinifundisha: kwenye kamera alikuwa kama taa bila pua.

Na waulize watu wa studio jambo moja mapema. Kama nyuma yenu wanatundika kile kitambaa cha kijani ili waweke picha ya kijiji, chura wako wa kijani atatoweka naye, yabaki macho mawili na ulimi vinaelea hewani. Watoto watafurahi. Bosi wako sina hakika.

Mama yako anasema ule, na anauliza kama yule bibi ni yeye. Nimemwambia sijui. Khanga umeichagua wewe.

Kichwa cha bibi nitumie kwa basi la asubuhi nikichonge ndani mwenyewe, mashavu yale ni mazito. Kiweke kwenye boksi, usikifunge kwenye kiroba kitabonyea. Macho yaache huko huko, uyapange ukiwa na mchezeshaji wako.

Baba yako