Bei ya kimoja kwa Kiingereza, kwa wanaoanza kazi

Hii naiandika kwa nyie mnaoanza sasa hivi kuandika kotesheni, invoisi na meseji za kazi kwa Kiingereza. Kazi yangu ni kupitia hizo karatasi kabla hazijamfikia mteja, na nawaambia ukweli, sarufi nyingine ukiteleza mteja ataelewa tu na kazi itaendelea, lakini ukiteleza kwenye kale kaneno kadogo kanakounganisha hela na kitu, umebadilisha hesabu yote na hakuna atakayejua mpaka siku ya malipo.

Angalia hizi mbili: "two boxes for 30 dollars" na "two boxes at 30 dollars". Zinafanana kama mapacha, ila ya kwanza boksi zote mbili ni dola 30, ya pili kila boksi ni 30 kwa hiyo jumla 60. Yaani "for" inabeba fungu zima, "at" inataja bei ya kimoja. Na ile alama ya @ tuliyoizoea kwenye imeili, wafanyabiashara walishaitumia kwa maana hiyohiyo kwenye daftari zao zamani sana kabla mtaalamu wa kompyuta Ray Tomlinson hajaipeleka kwenye imeili mwaka 1971, kwa hiyo ukikuta invoisi imeandikwa 12 @ $4 ujue ni vitu 12, kila kimoja dola 4, jumla 48. Kama wewe ndo unaandika, ongezea "each" au "in total" mwishoni. Ni neno moja tu na linawaepusha wote wawili na ubishi.

Sasa Kiswahili chetu kinavyotuponza. Sisi tunarudia namba na mambo yameisha, hizi ni kumi kumi, kila mtu kaelewa. Kiingereza hakina hicho kitu, ukiandika "ten ten dollars" msomaji anadhani umekosea kuchapa. Hapo sema "they are ten dollars each", na "each" ikae baada ya hela. Wengine wanaweka "every" kwa sababu kwetu ni kila tu kwa zote mbili, lakini "ten dollars every" haipo, maana "every" haiwezi kusimama peke yake, lazima ifuatwe na kitu. Halafu "each" ya namna hii ni ya vitu unavyohesabu kimoja kimoja kama tiketi, viti, kurasa. Kukiwa na kipimo, kilo, lita, mita, saa, tumia "a" au "per".

Hiyo "a" ndo wengi hawaiamini kabisa, kwa sababu shule tuliambiwa maana yake ni moja, basi mtu akiona "20 dollars an hour" anaona kama sentensi imekatika. Haijakatika. Kwenye Kiingereza cha kale walitumia "on", yaani kama unasema mara mbili kwenye siku, likasagika mdomoni miaka na miaka likabaki "a", ndo maana leo tuna "twice a day", "once a week", "60 kilometres an hour". Sikiliza sauti, usiangalie herufi: ni "an hour" kwa sababu ile h haitamkwi, na ni "a unit" kwa sababu inaanza na sauti ya y. Kwenye mazungumzo ya kawaida, simu au kikao, tumia hii, utasikika kama mtu anayeongea na sio anayesoma mkataba.

"Per" yenyewe imetoka Kilatini na makao yake ni kwenye mikataba, majedwali, invoisi. Kosa ninalolifuta kuliko yote ni "per a kilo" au "per the page". Baada ya "per" usiweke "a" wala "the", na neno linalofuata liwe umoja: "per kilo", "per page", "per day". Wingi unaingia pale tu kukiwa na namba, "per 100 grams", "per 1,000 words". Na ile mistari iliyoinama kwenye km/h au m/s nayo ukiisoma kwa sauti inatamkwa "per".

Halafu kuna "by the hour", "by the metre", "by the kilo". Hapa "the" inatakiwa, na hautaji bei, unataja utaratibu wa malipo. "I am paid by the hour" inamwambia mtu unalipwa kwa saa, bado hajajua ngapi. Akitaka kujua utamwambia "25 dollars an hour". Ukichanganya ukaandika "25 dollars by the hour" wataelewa, ila inasikika vibaya.

Pa kutulia zaidi ni pale zinapopangwa mbili kwa mpigo. "80 dollars per person per night", mko watu 4, usiku 3: unazidisha kwa watu halafu unazidisha kwa usiku, inakuja 960. Ingekuwa "80 dollars per room per night" na mmechukua vyumba 2, watu walewale, usiku uleule, ni 480. Neno moja limekata hela nusu. Mimi kila nikikuta "per" mbili naandika pembeni namba ya kila moja kabla sijagusa kikokotoo, na nawashauri mfanye hivyo hata kama hesabu mnaziweza kichwani.

Mpangilio nao una maana. Ulaji wa mafuta wa gari sehemu nyingi huandikwa "litres per 100 kilometres", namba ndogo ndo nzuri, wakati Marekani na Uingereza wanasema "miles per gallon" na hapo namba kubwa ndo nzuri. Na galoni zenyewe sio sawa, ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546, kwa hiyo usilinganishe gari mbili hujajua galoni ya nani.

Kwa wanaoingia kwenye matangazo ya mtandaoni, mtakutana na CPM, yaani "cost per mille". Hiyo M watu wanadhani ni milioni. Ni "mille", Kilatini cha elfu, kwa hiyo CPM ya dola 3 ni dola 3 kwa kila mara 1,000 tangazo linapoonyeshwa, na likionyeshwa mara 50,000 ni dola 150. Ukimpigia mteja hesabu ya milioni utampa picha ya bajeti ambayo haipo kabisa.

Na mteja akikutumia bei isiyoeleweka usikisie, muulize siku hiyohiyo kabla hujaanza kazi: "Is that per page or for the whole document?" Kama ni vitu vya kuhesabika: "Is that each, or for all of them?" Jibu lake lije kwa maandishi, hata kama mlishaongea kwa simu.