Kabla Hujafikiria Kamera ya Siri

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu habari za uchunguzi wa michezo kwenye televisheni huanza na kamera ya siri. Wameiona kazi ya mwandishi wa uchunguzi Anas Aremeyaw Anas wa Ghana, ile ya 2018 iliyomnasa rais wa chama cha soka cha nchi hiyo, Kwesi Nyantakyi, akipokea dola 65,000, na iliyomkosesha mwamuzi msaidizi wa Kenya, Aden Marwa, Kombe la Dunia kwa kupokea dola 600. Kazi kubwa ile. Ila wewe uliyeko Mbeya au Iringa, anza na karatasi.

Chukua mapato ya mlangoni. Siku ya mechi pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, mpiga picha awepo tangu milango inafunguliwa, apige foleni, apige majukwaa yanavyojaa. Taarifa ya mapato ikitoka, gawanya kwa bei ya tiketi uone kama idadi inafanana na ulichokirekodi. Picha hizo hutazipata tena ukishaanza kuuliza maswali. Na matokeo uyasome vizuri: mwaka 2016, siku ya mwisho ya daraja la kwanza, Geita Gold ilishinda 8-0 na Polisi Tabora 7-0, zote zikiwania nafasi ileile ya kupanda. TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikaziadhibu kwa kupanga matokeo, timu ya Mbao ikapanda. Hapo kamera ya siri ya nini?

Kinachoninyima usingizi ni usalama wa anayekupa habari. Watu hudhani kumkalisha gizani na kuibadili sauti kunatosha. Dar es Salaam labda. Huku kwetu mchezaji anajulikana kwa mabega tu. Kuna siku tulikuwa tunahariri mahojiano ya namna hiyo, uso hauonekani kabisa, ila dirishani mlima Loleza wa Mbeya umejitokeza. Fundi aliyekuja kurekebisha umeme akatupia jicho mara moja, akamtaja mtu kwa jina na mtaa anaokaa! Tuliyafuta yote. Tangu hapo maneno ya chanzo anayasoma mtu mwingine, na mtazamaji anaambiwa hivyo. Jiulize pia: habari hii wanaijua wangapi? Wakiwa watatu, maneno yenyewe yatamchoma. Tafuta waraka unaosema jambo lilelile. Ghana, Ahmed Hussein-Suale wa timu ya Anas aliuawa kwa risasi Januari 2019, miezi kadhaa baada ya mwanasiasa kuionyesha picha yake kwenye televisheni.

Bahasha usipokee, na basi la timu usipande hata kama kituo hakijatoa nauli. Hilo halina mjadala.

Mwisho, mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu, na kwa barua, maana simu hukanwa. Kama ni timu inayoendeshwa kwa fedha za umma, itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Masijala wakikataa kugonga, andika jina la aliyeipokea, tarehe na saa, palepale mbele yake.