Gia za oto zinachelewa? Anza na oili kabla ya programu

Kuna kipindi gari langu lilikuwa linanikera kweli, nakanyaga mafuta nimpite wa mbele, mshale wa RPM unapanda, injini inapiga kelele, afu gari lenyewe bado linawaza, ndo baadaye linashtuka na kuruka. Mi nikajua dawa ni kubadilisha programu ya kompyuta ya giaboksi, nikaanza hadi kutunza hela.

Fundi akanambia subiri kwanza. Akachomoa stiki, akadondosha oili kidogo kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi kama kahawa, na inanuka kuungua, wakati ATF, yaani oili ya giaboksi ya oto, ikiwa mpya kwa kawaida ni nyekundu na unaiona mwanga unapita. Hapo ndo nikaelewa, maana giaboksi ya oto inatumia presha ya hiyo hiyo oili kubana klachi za ndani, sa ikichoka au ikipungua klachi zinashika kwa kuchelewa na zinateleza, hapo programu itasaidia nini?

Ukifungua nati ya chini haitoki yote, nyingi inabaki kwenye konveta, kile kidude kinachounganisha injini na giaboksi, kwa iyo tulimwaga, tukajaza, nikaendesha siku kadhaa tukamwaga tena. Weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usikubali kuambiwa zote ni sawa, na kama gari lako ni CVT, yaani giaboksi ya oto inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, oili yake ni ya kwake kabisa.

Afu tukafuta kumbukumbu za kompyuta ya giaboksi kwa mashine ya kupimia. Gari nyingi za kisasa kompyuta inajirekebisha kufuata uchakavu, kwa iyo ilikuwa bado inabana klachi kwa mahesabu ya oili ile mbovu. Siku za mwanzo niliendesha taratibu ijifunze upya, na mabadiliko niliyaona mwenyewe, gia ya pili kwenda ya tatu ikawa inaingia tap, bila kuwaza.

Raba za injini nazo ziangalie, zikilegea kila gia inakuja na mshtuko unadhani giaboksi imekufa.

Kwenye kuendesha sasa, mi nikitaka spidi naweka manyuo na nachagua gia mwenyewe mapema. Ukibonyeza kubadili, gia haiingii palepale, kwa iyo bonyeza kabla mshale haujafika unapotaka. Kwenye kona shusha gia ukiwa bado umenyooka na unafunga breki, ukishusha katikati ya kona matairi yanaweza kuteleza, hili nawaomba sana mlizingatie.

Na joto jamani. Ukiendesha kwa fujo muda mrefu oili inaungua, ikizidi nyuzi 120 inazeeka haraka mno, mi nilifunga kula (kipoza oili) ya pembeni ya giaboksi kabla ya kitu kingine chochote. Programu nimekuja kuweka mwisho kabisa, imeongeza presha na gia zinaingia kwa nguvu zaidi, ila kwenye foleni unazisikia mgongoni.