Sonona, pombe na unga: kituo cha afya kianzie wapi?

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu na mganga mfawidhi wa kituo cha afya katika wilaya moja ya mkoa wa Tanga. Tupo matabibu wawili, wauguzi watano, mtu mmoja wa maabara na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya ametuelekeza tuanze kutoa huduma za afya ya akili na uraibu hapahapa kituoni. Muuguzi mmoja tu ndiye aliyehudhuria mafunzo ya mhGAP, mpango wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani. Naomba unisaidie: tufungue chumba na siku maalumu ya kliniki? Nani awaulize wagonjwa maswali, na saa ngapi, maana foleni ni ndefu? Mgonjwa mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa) ambaye pia anakunywa gongo kila siku nianze kumtibu kipi, au nimwambie aache pombe kwanza ndipo arudi? Na hawa vijana wa unga (heroini) tuwafanyie nini?

JIBU

Marahaba, mganga mfawidhi. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubandika tangazo mlangoni.

Chumba na siku maalumu, nakushauri msifungue. Kibao cha "Kliniki ya Akili" kwenye kituo kidogo, mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, kinawakimbiza walewale tunaowatafuta. Watakaofika ni wagonjwa walioletwa na ndugu hali ikiwa imeshaharibika. Halafu huduma yote inabaki mikononi mwa muuguzi mmoja aliyekwenda mafunzo. Akihamishwa, chumba kinageuka stoo ya maboksi. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, mpango ulioanza 2008, uliandikwa kwa ajili ya tabibu na muuguzi wa kawaida katika kazi yao ya kila siku. Hapa Tanzania wazo hilo ni la zamani zaidi: miaka ya 1980 wahudumu wa zahanati za Morogoro na Kilimanjaro walikuwa tayari wanafundishwa kutibu magonjwa ya akili na kifafa.

Kwa hiyo nendeni kwenye foleni ambazo zipo. Msianze na OPD (wagonjwa wa nje) nzima, mtachoka wiki ya kwanza. Anzeni na kliniki ya presha na kisukari, na CTC (kliniki ya HIV). Mkizoea, ongezeni akina mama wa RCH (kliniki ya mama na mtoto), hasa waliojifungua karibuni. Foleni hizi nimezichagua kwa sababu watu wake wanarudi kwa tarehe, na tiba ya sonona au ya pombe bila kurudi haipo.

Tena mgonjwa wa sonona haji akakwambia ana sonona. Anakuja mama mwenye kichwa kinachogonga, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi unaokatika saa tisa usiku. Anapimwa malaria, hana. Anapewa diklofenaki. Mwezi unaofuata amerudi na malalamiko yaleyale, faili limenenepa, na hakuna aliyemuuliza kama bado kuna kitu kinachomfurahisha. Ukimuuliza atasema "nina mawazo sana", na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza.

Aulize muuguzi anayepima presha. Angalizo: asiulize wakati mkanda umefungwa mkononi, kwa sababu kuzungumza kunapandisha kipimo. Apime kwanza, mgonjwa akiwa kimya na ametulia dakika 5, aandike, ndipo aulize. Maswali ni mawili, yale ya mwanzo ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, mgonjwa anakwenda kwa tabibu na kikaratasi mkononi. Ni dakika moja au mbili. Sogezeni tu meza mbali na benchi, maana hakuna mwanaume atakayesema anakunywa kiasi gani huku jirani yake anasikiliza.

Na pombe iulizwe hapohapo, kwa maswali 3 ya mwanzo ya AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa pombe. Alama 4 kwa mwanaume au 3 kwa mwanamke zinatosha kumpeleka mbele. Wengi wanakosea hapa kwenye kuhesabu. Kinywaji kimoja katika AUDIT ni gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa moja ni vinywaji viwili. Mtu akisema "bia tatu tu", andika sita. Gongo haina lebo, na nguvu yake inabadilika kutoka kwa mpishi hadi mpishi. Uliza anatumia chombo gani. Ikiwa na nguvu ya asilimia 40, chupa ya soda ya mililita 350 inakaribia vinywaji 11. Muuguzi asiyejua hesabu hii atamwandika mraibu kuwa mnywaji wa kawaida.

Kwa tabibu yanaulizwa maswali yote 9 ya PHQ-9, na AUDIT nzima yenye maswali 10 kama pombe imeonekana. PHQ-9 ikiwa chini ya 10, zungumza naye, mpe tarehe ya kurudi. Kuanzia 10 apate ushauri wa vikao, na kuanzia 15 fikiria na dawa. Lakini alama pekee si utambuzi wa ugonjwa. Angalia upungufu wa damu, HIV, kifua kikuu, tezi ya shingo, msiba wa karibuni. Na kabla hujaandika dawa yoyote ya sonona, uliza kama amewahi kupitisha siku kadhaa bila kulala, ana nguvu kupita kiasi, anaongea bila kukoma na kutumia fedha ovyo. Akisema ndiyo, usianze. Mpigie mratibu, kwa sababu dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha tena kwenye hali hiyo.

Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, lisirukwe hata siku moja. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", muulize kama amepanga, atatumia nini, na kama kitu hicho kipo nyumbani. Vijijini mara nyingi ni dawa ya wadudu ya shambani au vidonge. Mwombe ndugu aviondoe siku hiyohiyo, na mwenye mpango asirudi nyumbani peke yake. Hapa pia amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, ni hatari, kwa sababu ikimezwa nyingi kwa mara moja inaua kwa kuvuruga moyo. Kama ndiyo pekee iliyopo, mpe ya wiki moja na ishikwe na ndugu. Kwa wengi fluoksetini 20 mg asubuhi ni salama zaidi. Mweleze mapema kwamba nafuu inachukua wiki 4 hadi 6, la sivyo ataitupa wiki ya pili. Akipona, aendelee miezi 9 hadi 12.

Vikao vya ushauri visikutishe. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, na bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa, akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu wako wa ngazi ya jamii wanaiweza kazi hii wakifundishwa vizuri na kusimamiwa.

Sasa daftari, na hapa naomba unisikilize sana. Utaandika wagonjwa kwenye MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) kama kawaida, lakini MTUHA haikwambii nani hajarudi. Fungueni daftari moja, likae kwenye kabati lenye kufuli: namba ya faili, simu, tarehe, alama za PHQ-9 na AUDIT kila ziara, dawa, tarehe ya kurudi. Kila Ijumaa muuguzi mmoja alipitie na kuwapigia waliokosa, au amtume mhudumu wa jamii. Mara moja kwa mwezi, wewe na mratibu, au daktari wa hospitali ya mkoa kwa simu, pitieni wale tu ambao alama zao hazishuki. Nchini Marekani, utafiti wa IMPACT uliochapishwa 2002, wenye wazee 1,801 wenye sonona, uliwapa kliniki za kawaida mtu wa kufuatilia namna hii na bingwa wa kushauri kwa mbali. Karibu nusu ya waliofuatiliwa walipungukiwa dalili kwa nusu au zaidi ndani ya mwaka, na kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa karibu mmoja kati ya watano. Mkikosa muda wa kila kitu, punguzeni maswali ya uchunguzi lakini daftari lisife. Kumgundua mtu kisha kumsahau ni kumuumiza mara mbili.

Nije kwa mgonjwa wako wa gongo. Usimwambie aache kwanza ndipo arudi. Sentensi hiyo imetupotezea watu wengi mno. Mwenye sonona anakunywa ili alale, na pombe inamzidishia sonona. Ukimtibu upande mmoja na kumfukuza kwa upande mwingine, harudi, na safari hii ana sababu. Faili liwe moja, na mtu anayemwona awe mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kitabibu: mnywaji mkubwa wa kila siku akiacha ghafla anaweza kufa. Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa kwa kuona maruweruwe huja siku ya pili hadi ya nne. Kwa hiyo muulize: asubuhi mikono inatetemeka mpaka unywe? Uliwahi kuanguka kifafa au kuona vitu ulipokosa pombe? Aliyewahi, au mwenye homa, ini bovu, mimba, au asiye na mtu nyumbani, alazwe hospitali ya wilaya. Wengine mnaweza kuwatolea pombe mwilini kwa diazepamu (dawa ya kutuliza) inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku 3 hadi 7, mkiwaona kila siku, pamoja na thayamini (vitamini B1) 100 mg kwa siku 5. Mgonjwa wa pombe anayehitaji dripu ya glukosi apewe thayamini kwanza. Glukosi ikitangulia inaweza kuuharibu ubongo wake moja kwa moja.

Akishaacha, rudia PHQ-9 baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa wengi alama zinashuka zenyewe. Usisubiri hizo wiki ikiwa ana mawazo ya kujiua, au sonona ilimwanza kabla ya pombe, au iliwahi kumpata wakati hanywi. Huyo anza fluoksetini sasa. Na asiyekubali kuacha bado ni mgonjwa wako. Mwambie bila hasira, "Presha yako haishuki, na pombe ni sababu mojawapo. Unaonaje tukianza na kupunguza?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Kuhusu unga, jueni mipaka yenu. Arosto, hali inayompata mtumiaji akikosa unga, inatesa sana, lakini kwa kawaida haiui kama ya pombe. Hatari kubwa ipo baadaye: kijana akikaa wiki kadhaa bila kutumia, kwa kufungiwa ndani au mahabusu, mwili unapoteza ustahimilivu, na siku akirudia kipimo chake cha zamani pumzi inakata. Kwa hiyo msiwafungie wala msiwape familia matumaini ya "kusafishwa" kwa siku saba. Tiba yenye ushahidi ni methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini. Muhimbili ilianza Februari 2011, na sasa kliniki zipo hadi Dodoma, Mbeya, Mwanza na hapo kwenu Tanga. Pigeni simu kwanza, mjue siku za kupokea wapya, na mtafute nauli na mtu wa kumsindikiza, maana dawa inanywewa kila siku mbele ya mhudumu na anayetoka mbali atalazimika kupata pa kulala mjini. Kabla hajaenda, mpimeni HIV, homa ya ini na kifua kikuu. Na kwenye faili andikeni "anatumia heroini". Neno "teja" lisionekane kwenye karatasi wala lisisikike dirishani.

Wekeni naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini, kwenye trei ya dharura. Kijana aliyezimia, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini na anapumua kwa shida, msaidieni kupumua kwa ambu (mfuko wa kupulizia hewa), mpeni 0.4 mg kwenye msuli au mshipa, na mrudie baada ya dakika 2 hadi 3 kama hajaanza kupumua vizuri. Nguvu yake inaisha ndani ya saa moja hivi, heroini ikiwa bado mwilini, kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka kabla ya muda wa saa mbili kupita, hata akigomba.

La mwisho linahusu CTC yenu. Rifampisini (ya TB), efavirenzi (ya HIV), kabamazepini na fenobabito (za kifafa) zote zinashusha methadoni kwenye damu. Mgonjwa aliyetulia atarudi na arosto wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa za TB, mtadhani amerudia unga, naye atarudia kweli. Kabamazepini inashusha pia dolutegraviri, dawa ya HIV. Kabla ya kumwanzishia mgonjwa wa methadoni mojawapo ya dawa hizo, ipigie kliniki yake simu ili waongeze dozi kwa wakati, na siku anapozimaliza wapigie tena waishushe.