Unataka kubadilisha Fuso la zamani kwa mkopo? Uliza haya kwanza

Wenzangu wenye Fuso na Scania za zamani hapa Dodoma huniuliza kama kuna pesa ya mazingira ya kubadilishia gari. Mtu kaona video ya Marekani, anaamini na huku ipo. Kule imekuwepo kweli: chini ya DERA, sheria yao ya mwaka 2005 ya kupunguza moshi wa dizeli, serikali imekuwa ikichangia sehemu ya gharama ya lori au injini yenye moshi kidogo. Ila la zamani lazima life. Bloku ya injini inatobolewa tundu la inchi 3 na chasisi inakatwa, lisije likarudi barabarani. Huku kwetu sijaona mwenzetu aliyepewa ruzuku ya namna hiyo, na hilo lori la zamani ukiliuza ndilo kianzio chako, yaani pesa ya kutanguliza. Kwa hiyo tuongee mkopo.

Kabla ya benki, amua gari. Euro 3, 4, 5 na 6 ni viwango vya moshi vya Ulaya. Namba ikipanda, moshi unapungua. Madalali wanasifia Euro 6, kiwango kilichoanza kwa malori ya Ulaya mwaka 2013. Gari hilo lina chujio la masizi kwenye ekzosi na tanki la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, na limetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Chujio likiziba, taa inawaka, gari linajipunguzia nguvu lenyewe, na wewe unapandisha Sekenke na mpunga wa Igunga. Fundi atakwambia, "Bosi, tuuzime tu huo mfumo." Ukiuzima, umekopa mamilioni kununua usafi ambao haupo. Mimi nilichukua Euro 3 iliyotunzwa, pampu na nozeli zimepimwa mbele yangu. Haina vikorokoro hivyo, na ukililinganisha na Fuso la miaka ya tisini, kwa moshi na unywaji wa mafuta ni magari mawili tofauti kabisa.

Sasa riba, ambapo watu wengi wanaumia huku wanatabasamu. Afisa mikopo akisema "asilimia 18", muulize: ya mkopo wote au ya salio linalopungua? Chukua milioni 60 kwa miaka 3. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, unalipa riba milioni 32.4, rejesho kama milioni 2.57 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye salio, riba ni kama milioni 18.1 na rejesho kama milioni 2.17. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni 14. Omba jedwali la marejesho lililochapwa, usikubali la kwenye kikokotoo cha simu yake. Ongeza bima kubwa, maana benki haitakuachia gari bila hiyo, na ada ya mthamini.

Lililonisaidia kuliko yote ni kuomba ratiba ya marejesho ifuate msimu. Mzigo wa Kibaigwa unachangamka mahindi yakishavunwa. Mvua za Desemba mpaka Aprili unaweza kukaa siku kadhaa Dar ukisubiri mzigo wa kurudi. Nilipeleka taarifa ya benki ya mwaka mzima badala ya miezi sita, mashimo ya miezi isiyo na mzigo yakaonekana yenyewe, wakakubali rejesho dogo miezi hiyo na kubwa kuanzia Juni. Usipoomba, hakuna atakayekupa. Waliniuliza pia reli mpya ya SGR ikianza kula mzigo nitafanyaje. Swali la haki. Niliwaonyesha kwamba mzigo wangu mwingi unatoka vijijini, ambako reli haifiki, na mkataba wa mnunuzi wa alizeti niliokuwa nao mkononi ulinibeba kuliko maneno yangu. Leseni ya usafirishaji ya LATRA na namba ya mlipakodi ziwe hai, hayo hayahitaji maelezo.

Lori la zamani usiliuze mpaka barua ya kukubaliwa mkopo iwe mkononi, na ndani yake kianzio kimeandikwa kwa shilingi. Ukishaliuza, nenda na mnunuzi TRA mbadilishe umiliki. Akikuambia "nitabadilisha nikifika Singida", baki na kadi ya gari mpaka arudi.