Fomu ya mzigo uliochelewa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni kitu gani ulichomnunulia mtoto wako mdogo ambacho kiliokoa safari ya familia?" Nimelisoma mara moja tu, nikalifunga gazeti, na tangu juzi linanirudia kila nikikunja nguo za mtoto. Niwieni radhi ikiwa sitalijibu kama lilivyoulizwa. Linalonikera ni lile linalolitangulia, ambalo sijaona mtu akiliuliza: kwa nini sisi wazazi wa watoto wadogo, tukishakata tiketi tu, tunaanza kununua?

Jawabu langu ni kwamba tunanunua kwa sababu tunaogopa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili huwezi kumwambia kwamba zimebaki saa nne, wala hawezi kukuahidi kwamba atatulia. Usingizi wake, tumbo lake na hasira zake haviko mikononi mwako, na abiria wa kiti cha jirani ameshakutazama kabla hujaketi. Basi unatafuta jambo moja ambalo unaweza kulitawala, nalo ni manunuzi. Kila kitu unachokitia begini kinakupa utulivu wa siku moja, na kesho yake unahitaji kingine. Nalisema hili bila kumcheka yeyote, kwani mimi mwenyewe nimelitenda kwa bidii kubwa.

Mwaka jana tulisafiri kwenda kumtembelea dada yangu anayeishi nchi nyingine, binti yetu akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi 11. Mwezi huo tuliuchagua kwa makusudi. Katika mashirika mengi ya ndege mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 husafiri akiwa amepakatwa, na kwa safari za kimataifa nauli yake kwa kawaida huwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka hiyo hana budi kuwa na kiti chake. Tulikaa mezani usiku mmoja, mume wangu na mimi, tukapiga hesabu ya fedha tulizookoa, tukafurahi. Kisha, kidogo kidogo, kwa muda wa wiki tatu, nikazitumia zote kwa ajili ya begi moja.

Lilikuwa begi la kijani lenye magurudumu, la kuingia nalo ndani ya ndege. Nilikusudia kwamba kila saa ya safari nitoe kitu kipya ambacho mtoto hajapata kukiona. Niliviviringisha kimoja kimoja katika karatasi, nikavipanga kwa zamu, cha kwanza juu na cha mwisho chini. Mume wangu alinitazama bila kusema neno. Alichofanya, na sikujua mpaka baadaye, ni kutia katika mkoba wake wa begani kipande cha gauni langu la zamani la kulalia, ambacho mtoto hakubali kulala bila kukishika. Mimi nilikuwa nimekificha kabatini. Kilikuwa kimechakaa, kimepoteza rangi, kina harufu ambayo hata ukikifua haitoki, nami sikutaka dada akione.

Kwenye mlango wa kuingilia ndege mhudumu akatuambia kwamba ndege imejaa na nafasi ya juu haitoshi, hivyo mabegi yenye magurudumu yatashushwa kwenye shehena. Nilimsihi. Nilimweleza kwamba ni begi la mtoto, akanijibu kwa upole kwamba tutalipokea tukifika. Tukabaki na mkoba wa begani: nepi nne, fulana moja, suruali moja, chupa ya maji na kile kipande cha gauni, ambacho nilikiona wakati huo kwa mara ya kwanza.

Saa saba za safari zilipita kama zinavyopita kwa kila mzazi. Alilia tulipopaa, akalala saa mbili na kipande chake puani, akaamka, akatumia muda mrefu ajabu kufunga na kufungua kifungio cha mkanda wangu. Alikuwa akiingiza ulimi wa chuma, anasikiliza ule mlio wa kubana, ananitazama usoni kuhakikisha kwamba nami nimeusikia, kisha anafungua na kuanza upya. Alilia tena tulipokuwa tunatua. Sina la ziada la kusimulia kuhusu safari yenyewe.

Begi halikutokea. Tulisimama mbele ya ukanda wa mizigo mpaka ukazimwa, kisha tukaelekezwa kwenye dawati ambako mtumishi mmoja, kijana mwenye subira, alinipa fomu. Iliuliza rangi, ukubwa, namba ya lebo. Ilikuwa na nafasi kubwa chini yake yenye maelekezo: andika vitu vilivyomo. Nikaandika nepi. Nikaandika viatu, jozi mbili, na kimeza cha kuning'iniza nyuma ya kiti, na kitabu cha kubandika picha. Niliendelea mpaka nikafika kitu cha kumi na moja, kalamu ikasimama.

Sikukumbuka. Hivi vilikuwa vitu nilivyovichagua mwenyewe, nikavilipia, nikavifunga kwa karatasi usiku wa kuamkia siku hiyo nikimwaza mtoto wangu, na saa 20 baadaye nilikuwa nimesimama chini ya taa nyeupe nisiweze kuvitaja. Mume wangu akaniuliza taratibu, "Na yule mwanasesere mpya?" Ndiyo, palikuwa na mwanasesere. Nikamwandika. Kijana wa dawati akaniambia kwamba orodha haina haja ya kuwa kamili, itoshe kulitambua begi likifunguliwa. Nadhani alitaka kunisaidia, lakini aibu niliyoihisi sijaisahau. Laiti angeniuliza kilichomo ndani ya mkoba wa begani ningemtajia vyote, mpaka doa lililokuwa kwenye ile fulana.

Begi liliwasili siku ya tano. (Kwa faida ya wasomaji: chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mzigo wa safari ya kimataifa ukichelewa, malalamiko yanapaswa kuwafikia wenye ndege kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tuliandika, na tulirejeshewa gharama za nepi.) Jioni hiyo nililimwaga sakafuni kwa dada nikahesabu. Vilikuwa vitu 34. Kumi na viwili vilikuwa kwenye fomu. Mtoto alikuja, akalizunguka lile rundo, akachomoa kandambili zake za zamani ambazo nilikuwa nimezitia dakika ya mwisho, akazivaa mguu wa kulia kushoto, akaenda zake kwa mama yake mkubwa.

Baada ya kurudi nilisoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Watafiti waliwatazama watoto wadogo 36 wakicheza, mara moja wakiwa na vichezeo 4 na mara nyingine 16. Palipokuwa na vinne, watoto walikaa na kila kichezeo muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi. Na kuhusu kile kipande cha gauni, daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alishaandika tangu mwaka 1953 kwamba kitu cha namna hiyo humsaidia mtoto kuvuka kutoka kwa mama kwenda kwenye ulimwengu usio mama, na kwamba mzazi hapaswi kukibadilisha, na hata kukifua kunaweza kukiharibia maana kwa mtoto. Mimi nilitaka kukibadilisha kwa mwanasesere ambaye jina lake lilinipotea dawatini.

Hapo ndipo nilipokusudia kuimalizia barua hii, kwa kuwaambia wasomaji wenzangu kwamba wasinunue chochote. Lakini nimeyasoma tena niliyoyaandika na nimeona kwamba nimeruka sehemu mbili, na zote mbili zinanisuta.

Ya kwanza ni dada yangu. Nimeandika kana kwamba siku tano zilipita bila begi na mtoto hakukosa kitu, na kwamba hali hiyo ilijileta yenyewe. Haikujileta. Dada alifua ile suruali kila usiku na kuianika karibu na dirisha. Alikwenda kununua nepi asubuhi ya kwanza kabla hatujaamka. Aliazima kitanda kwa jirani, akaondoa vyombo vya vioo kwenye rafu za chini, akasogeza ratiba ya kazi yake. Sikumwona akifanya mengi ya hayo, kwa kuwa alikuwa ameshayamaliza. Yeye ni mkubwa wangu na hawezi kunidai, nami kama mdogo niliyazoea mapema mno. Ninapojisifu kwamba tumepunguza manunuzi, ni haki niulize nani aliyanunua kwa niaba yetu. Familia inayosafiri na mzigo mwepesi mara nyingi inafikia kwa mtu ambaye nyumba yake itakuwa nzito kwa wiki mbili.

Ya pili ni ngumu zaidi kwangu kuiandika. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwa dada ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Kiti cha mtoto cha gari tulikuwa nacho, kizuri, na tulikiacha nyumbani. Tulisema ni kikubwa, tulisema mikono yetu imejaa. Mikono yetu ilikuwa imejaa begi la kijani. Mashirika mengi ya ndege hupokea kiti hicho na kigari cha mtoto bila malipo ya ziada, na jambo hilo nililijua. Basi nikampakata mtoto kwenye kiti cha nyuma, nimemzungushia mikono, yeye amelala. Katikati ya njia gari lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla, dereva wetu akafunga breki, na mtoto akaniponyoka. Naandika neno hilo kwa kuwa ndilo lenyewe: nilikuwa nimemshika kwa nguvu zangu zote na aliniponyoka. Alijigonga mdomo kwenye kiti cha mbele. Damu ilikuwa kidogo, jino halikulegea, na baada ya robo saa alikuwa amelala tena na kipande chake. Dada hakuniuliza alipouona mdomo ule. Sijapata kumsimulia mama yangu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiti cha mtoto kinachotumiwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za gari kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo nikirudi kwenye swali lenu, Ndugu Mhariri, nalazimika kusema kinyume cha nilichoanza nacho. Kipo kitu cha kununua. Ni kiti cha gari, na ukiwa nacho, ukipeleke hata kama itakubidi uache begi zima. Nikiwa na fedha za kitu kimoja tu ningezitia hapo, na ningezitia kabla ya tiketi.

Nasema hivyo kwa tahadhari kadhaa. Wanaosafiri kwa basi au treni mara nyingi hawana mahali pa kukifungia, na sitaki wasome barua hii wakajiona wazembe. Ambao uwezo hauruhusu wanaweza kuazima kwa wenyeji wao, ila waazime kwa mtu wanayemfahamu, kwa sababu kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali kinaweza kuonekana kizima na kisimlinde mtoto. Anayenunua kipya aangalie lebo: kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto akae akitazama nyuma ya gari mpaka apite miezi 15, na wataalamu wengi hushauri iwe zaidi ya hapo. Tena msimwache humo mkidhani kwamba mmemaliza kazi. Shirika lilelile la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa umri huu asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kigari au mgongoni kwa mbeleko, kwa zaidi ya saa moja mfululizo; kwa safari ndefu ya gari nauchukua ushauri huo kumaanisha kwamba tusimame, ateremke, akimbie.

Na kuhusu begi la kijani, msimamo wangu umelegea kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuandika. Siwezi kusema kwamba kila kilichokuwemo kilikuwa upuuzi. Kile kitabu cha kubandika picha alikipenda sana mwezi wa tatu baada ya safari, na viatu vya ukubwa uliofuata vilimfaa. Ninachokifanya sasa ni kuandika orodha ya vitu vya mtoto bila kulitazama begi, siku mbili kabla ya kuondoka. Nisichokikumbuka kinabaki nyumbani. Kisha nampigia dada simu na kumuuliza angependa tuje na nini, nepi zikiwemo, na safari hii nimemlazimisha ataje.

Tunakwenda tena mwezi ujao. Mtoto ana kiti chake ndani ya ndege, cha kulipia, na kile cha gari kimeshafungwa kwenye mfuko wake karibu na mlango. Lile gauni nililitoa kabatini wiki iliyopita. Lilikuwa limebaki upande wa mgongo. Nimekata kipande cha pili, nikakikunja pindo, na kwa siku sita sasa mtoto analala na vyote viwili ili kipya nacho kipate ile harufu. Kimoja kitakuwa katika mkoba wa baba yake, na kingine katika wangu.