Kwa ninyi mliobatizwa Pasaka hii: irudieni siku kabla ya kulala

Mkesha wa Pasaka umepita, mishumaa mmeirudisha nyumbani, na wasimamizi wenu wa ubatizo wamerejea kwenye shughuli zao. Nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kigangoni kwetu miaka 14, na ninajua swali litakaloanza kuja mwezi wa pili au wa tatu, mtu akingoja kwanza wenzake waondoke: "Katekista, mbona Mungu simsikii tena kama siku ile?"

Hata mimi niliuliza. Mwaka wangu wa pili katika imani baba yangu aliugua, nikawa nashinda hospitali na kurudi nyumbani giza limeshaingia. Nilisali huku nimechoka, nikaandika mstari mmoja kwenye daftari kama msimamizi wangu alivyoniagiza, nikalala na hasira. Kwa wiki tatu nilikuta madumu yangu mlangoni yamejaa maji. Nilidhani ni watoto wa jirani. Kumbe ni mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye tulikuwa tumekwaruzana naye juu ya michango, hata salamu zetu zilikuwa za shingo upande. Nilimlalamikia Mungu kwamba ameniacha, na maji hayo ndiyo niliyokuwa nikiogea na kupikia.

Baada ya kujua, niliisoma upya habari ya wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau siku Yesu alipofufuka, Luka 24. Walitembea na Yesu katika njia ya kama kilomita 11, wakamsimulia habari zake mwenyewe, wala hawakumtambua. Walimtambua mezani alipoumega mkate, naye akatoweka machoni pao. Ndipo wakakumbushana jinsi mioyo yao ilivyokuwa ikiwaka njiani. Moyo uliwaka kwanza. Kutambua kulikuja walipogeuka kuitazama njia. Yakobo wa Agano la Kale naye, pale Betheli, alisema hivyo alipokwisha kuamka kutoka ndotoni: "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua."

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo. Dakika kumi kabla ya kulala, irudieni siku yenu mbele za Mungu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliwafundisha wenzake kufanya hivyo mchana na jioni. Yeye alianza kujifunza kuuchunguza moyo akiwa kitandani, baada ya risasi ya mzinga kumvunja mguu vitani Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Alipowaza sifa za kiaskari alifurahi, kisha akabaki mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, furaha haikuondoka. Basi tazameni lililowaachia amani ya kudumu, hata kama lilikuwa dogo.

Mimi huanza na saa niliyoamka, nikashuka nayo: nilikaa na nani kwenye daladala, neno gani lilinichoma, wapi nilitaka kumsaidia mtu nikajizuia. Hapo pa kujizuia msiparuke, maana mara nyingi ndipo Mungu alipokuwa akiniita. Lakini anzeni kwa kushukuru, msije mkakaa kila usiku mnajihukumu. Dhambi zitajitokeza zenyewe, nazo mtazipeleka kitubio, mkaziungame kwa padre.

Tena msisake ishara katika kila kitu. Nimewaona waongofu wapya wakiyatafuta mapenzi ya Mungu kwenye namba ya basi au kwenye ndoto, na mmoja aliacha kazi nzuri kwa sababu hiyo. Iliniuma sana. Jambo zito lipelekeni kwa padre kwanza.

Na mwandike, daftari la shule linatosha. Zitakuwapo siku ambazo hamtaona chochote. Andikeni tarehe, andikeni "sijaona", mlale. Daftari langu la kwanza ninalo hadi leo, na kurasa za wiki zile tatu zimejaa neno hilo. Pembeni yake, mstari kwa mstari, niliongeza baadaye kwa kalamu nyekundu: maji.